Gesi ya Kiyoyozi Haiishi Kama Mafuta ya Gari

Maswali ya wasomaji kuhusu viyoyozi, hita za maji na mitambo ya kupasha nyumba joto. Barua nyingi za safari hii zinaulizia gesi, ndiyo maana tumeipa nafasi kubwa. Kabla ya yote: kila tunapoandika "zima umeme" tunamaanisha breka ya mashine hiyo kwenye boksi la umeme. Rimoti haizimi umeme, inailaza mashine tu.

SWALI: Kiyoyozi changu kina miaka minne. Kila msimu wa joto ukianza kinapuliza hewa vuguvugu. Fundi anakuja, anatia gesi, baridi inarudi. Mwaka ukigeuka tunarudi palepale. Fundi ananiambia gesi huisha, ni kawaida. Ni kweli?
– Mpangaji, ghorofa ya tatu

JIBU: Si kweli, ndugu mpangaji. Gesi ya kiyoyozi haichomwi wala hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa: chumbani inazoa joto, nje inalitua, inarudi kuzoa tena. Gramu zilizokuwamo siku ya kufunga mashine ndizo zinazotakiwa kuwamo siku inapong'olewa ukutani. Zikipungua, pana tundu, na anayeongeza gesi bila kulitafuta tundu hilo anakuuzia kitu cha kupeperuka.

Tundu lenyewe mara nyingi haliko mbali. Anza na nati nne zinazounganisha mabomba ya shaba: mbili ziko kwenye valvu za mashine ya nje, mbili nyuma ya kichwa cha ndani. Chini ya kila nati, mdomo wa bomba umetanuliwa kama tarumbeta ili ukae barabara kwenye koni yake. Fundi aliyekata bomba akautanua mdomo bila kukwangua makapi ya shaba, au aliyekaza nati kwa kukisia, ameiachia gesi njia. Nati ya bomba la robo inchi hukazwa kwa nyutonimita 14 hadi 18. Ya 3/8 inchi, 33 hadi 42. Ya nusu inchi, 50 hadi 60. Ikilegea inavuja leo. Ikizidishwa, mdomo wa shaba unakuwa mwembamba kama karatasi na kuvuja miezi michache baadaye, fundi akiwa ameshaondoka. Kwa hiyo fundi mwenye spana yenye kipimo si mwenye maringo, anajua anachofanya.

Gesi inapotoka hubeba mafuta ya kompresa, ile pampu inayoisukuma. Mulika tochi kwenye nati za nje: ukiona moja ina doa la mafuta lililonasa vumbi jeusi na ya pili ni kavu, umeshampata mwizi. Zima umeme, paka povu zito la sabuni ya vyombo kuzunguka nati, subiri dakika mbili tatu. Vipovu vidogo vikianza kujitokeza na kukua pale pale ulipopaka, ndipo penyewe. Hili unaweza kulifanya bila kufungua kitu chochote. Usijaribu kukaza mwenyewe.

Nati zote zikiwa safi, fundi anatakiwa ajaze naitrojeni kavu kwenye mabomba na kuangalia kama presha inashuka. Iwe naitrojeni, kamwe isiwe oksijeni: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Tundu likishazibwa, anapiga vakyumu, yaani ananyonya hewa yote mabombani kwa pampu, mpaka kipimo kishuke chini ya maikroni 500, anafunga pampu, anasubiri dakika kumi hadi kumi na tano aone kama sindano inabaki chini. Ikipanda polepole kisha ikasimama, ndani kuna unyevu; ikipanda bila kusimama, bado panavuja. Unyevu ukiachwa unachanganyika na mafuta na kufanya asidi, na asidi inakula nyaya za kompresa kutoka ndani.

Mwisho kabisa gesi inatiwa kwa mizani. Sahani iliyobandikwa ubavuni mwa mashine ya nje imeandikwa aina ya gesi na uzito wake kwa kilo. Kutia gesi kwa kuangalia geji ya presha peke yake ndiko kunakoua kompresa nyingi, kwa sababu geji inaweza kudanganya: chujio likiziba vumbi au koili ya ndani (mabomba yenye mapezi yanayopoza hewa) ikiwa chafu, presha ya upande wa kunyonya hushuka vilevile kama gesi imepungua. Fundi anaongeza, presha inapanda, kila mtu anafurahi. Siku koili inaposafishwa, gesi imezidi, sehemu yake inarudi kwenye kompresa ikiwa bado kimiminika, na kompresa iliundwa kubana mvuke tu. Kwa hiyo usafi kwanza, geji baadaye.

Aina ya gesi nayo haichanganywi. R-410A ni mchanganyiko wa R-32 na R-125, nusu kwa nusu kwa uzito, na inatiwa ikiwa kimiminika. Ukiitia kama mvuke, uwiano unapotea. R-32 ni gesi moja tu. R-290 ni propani inayowaka kama gesi ya jikoni, na haitiwi kwenye mashine ambayo haikuundwa kwa ajili yake, hata kama fundi anasema inapoza vizuri. Inapoza vizuri kweli. Inalipuka vizuri pia.

Safari ijayo, kabla mtungi haujafunguliwa, muulize fundi wako: tundu uliliona wapi, vakyumu ilishuka hadi ngapi, na umetia gramu ngapi? Asiyeweza kujibu hata moja, mshukuru kwa nauli na umwache aende.

SWALI: Kiyoyozi cha chumba cha watoto kinadondosha maji ukutani, hasa usiku. Baridi yake haina shida. Nimeshaosha vile vichujio. Nifanye nini kingine?
– Mama Wawili

JIBU: Mama, mashine inayopoza hewa hukamua unyevu. Kukiwa na mvuke mwingi, kiyoyozi cha kawaida kinaweza kutoa lita moja au zaidi kwa saa. Maji hayo hudondokea kwenye trei iliyo chini ya koili, kisha hutoka nje kwa mpira mwembamba bila pampu yoyote, kwa mteremko tu. Kitu kikisimamisha mteremko huo, trei inafurika na ukuta unalia.

Kisababishi kikubwa ni ute. Vumbi linalopita kwenye chujio huchanganyika na maji, ukungu unaota, na ndani ya mpira kunajengeka kitu kama kamasi ya kahawia. Zima umeme, funua kifuniko cha mbele, ondoa vichujio. Mimina maji polepole juu ya koili kwa kikombe, kama nusu lita hivi, upande ulio mbali na boksi la nyaya (kwa kawaida nyaya ziko kulia). Mwenzako asimame nje kwenye ncha ya mpira. Yakitoka kwa kudondoka tone tone, au yasipotoka, mpira umeziba. Uvute uchafu kutoka ncha ya nje kwa mashine ya kunyonya vumbi ile inayokubali maji, ukifunga kitambaa kuzunguka maungio ili isinyonye hewa. Kuvuta ni salama kuliko kupuliza. Ukipuliza kwa nguvu, kiungo cha mpira kilicho ndani ya ukuta kinaweza kuchomoka, na hapo utakuwa umenunua tatizo kubwa zaidi.

Ukishazibua, mimina nusu kikombe cha siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi hichohicho kwenye trei. Rudia kila baada ya miezi miwili. Dawa ya klorini inaua ukungu haraka, ila inakula alumini ya koili, tusingeitumia.

Mpira ukiwa safi na maji bado yanadondoka, angalia haya mengine. Kwanza, ncha ya nje isizame kwenye ndoo wala mtaroni. Ikizama, hewa inanaswa na maji yanarudi. Pili, mpira uteremke walau sentimita moja kwa kila mita na usiwe na tumbo katikati. Tatu, weka pima maji juu ya kichwa cha ndani. Kikiinamia upande usio na mpira, maji yanakusanyika upande huo. Nne, gusa mabomba ya shaba yanapoingia ukutani: bomba nene na jembamba yote mawili yavikwe sponji, kila moja lake. Bomba lililo uchi linatoa jasho, na jasho hilo watu hulidhania kuwa ni trei inayovuja.

Umesema inadondosha hasa usiku. Hapo tunashuku barafu. Mashine ikifanya kazi kwa saa nyingi huku hewa haipiti vizuri, koili inaganda. Kompresa ikipumzika barafu inayeyuka kwa mkupuo na trei inashindwa kuimeza. Umeosha vichujio, sawa. Sasa zima umeme, mulika tochi katikati ya mapanga ya kutolea hewa uangalie lile gurudumu refu la feni. Kila ubapa wake mdogo uwe mkavu na mkali kama wembe. Ukiona umevaa manyoya ya vumbi, hewa inayopita imepungua sana hata kama kichujio kinang'aa, na gurudumu linataka kuoshwa na fundi kwa mfuko maalumu wa kukinga maji. Likiwa safi na barafu bado ipo, huenda gesi imepungua: soma jibu la kwanza.

Na vichujio vyenyewe: kila wiki mbili kama nyumba ina vumbi au wanyama, maji yasizidi digrii 40, vikaushwe kivulini. Jua kali hukunja fremu.

SWALI: Nikifika nyumbani naweka digrii 16 ili chumba kipoe haraka, kisha napandisha. Mume wangu anasema napoteza umeme bure.
– Mwenye Joto

JIBU: Mumeo yuko sahihi, pole dada. Namba ya rimoti inaiambia mashine isimame wapi, haiiambii ikimbie vipi. Kiyoyozi cha kawaida kina mwendo mmoja tu. Kwenye 16 na kwenye 25 kompresa inazunguka vilevile, tofauti ni kwamba kwenye 16 haifiki. Cha inveta, ambacho kompresa yake hubadili mwendo, kinaweza kukaza mwendo kidogo mwanzoni, lakini hata kwenye 24 kitaanza kwa kasi kubwa chumba kikiwa na 32. Weka 24 au 25, feni iwe kwenye kasi ya juu kwa nusu saa ya kwanza, funga pazia la upande wa jua.

SWALI: Mashine ya nje inanguruma "mmmm" sekunde chache, inakata, inarudia. Feni ya nje nayo haizunguki. Ndani kunapuliza hewa tu. Je, kompresa imekufa?
– Fundi wa Nyumbani

JIBU: Usiizike bado. Kwa mashine isiyo ya inveta, mngurumo usiofuatiwa na mzunguko mara nyingi ni kapasita. Ni mkebe wa alumini wenye ukubwa wa kikombe unaoipa mota msukumo wa kuanzia. Ukiwa na vijiti vitatu vilivyoandikwa C (cha pamoja), FAN (feni) na HERM (kompresa), mkebe mmoja unahudumia feni na kompresa kwa pamoja, na hapo dalili yako ya vyote viwili kugoma inaeleweka.

Zima umeme. Kapasita inaweza kubaki na chaji hata umeme ukiwa umekatwa, na chaji hiyo inatosha kukurusha ngazini. Itoe kwa rezista ya omu 20,000 yenye wati 5, ukiiegemeza kwenye C na HERM, kisha C na FAN, sekunde kadhaa kila upande, kwa koleo lenye vishikio vya mpira. Usitumie bisibisi. Cheche inaharibu kapasita nzima na macho yako pia. Piga picha ya nyaya kabla hujazichomoa.

Kwanza itazame. Kapasita nzima ina kichwa bapa; iliyokufa imevimba juu kama kopo la samaki lililooza, au imetoa mafuta. Ikionekana nzima, ipime kwa multimita yenye alama ya kapasita. Ikiandikwa 35 µF ±5%, inatakiwa isome kati ya 33.25 na 36.75. Ukisoma 29, ibadilishe. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile. Volti zinaweza kuwa sawa au zaidi: ya 440 inakaa mahali pa ya 370, kinyume chake hapana.

Kabla hujafunga boksi, angalia kontakta, ile swichi inayopeleka umeme kwenye kompresa. Sisimizi na mijusi hupenda joto la humo, na mmoja akibanwa katikati ya vidole vya shaba, umeme haupiti sawasawa. Kisha jiulize kapasita iliuawa na nini. Kwa kawaida ni joto, na joto la mashine ya nje hutokana na koili iliyovaa vumbi na majani. Ioshe kwa mpira wa bustani, maji yenye presha ndogo, ukielekeza kutoka ndani kwenda nje ili uchafu urudi ulikotokea. Mashine za kuoshea magari zinalaza mapezi ya alumini kama majani baada ya upepo, na hewa haipiti tena.

Ukibadilisha kapasita na breka ikaruka papo hapo, acha. Huenda waya wa kompresa umegusa mwili wa chuma. Fundi apime kati ya vichwa vya kompresa na bomba la shaba lililokwanguliwa. Kipimo kikionyesha njia yoyote, kompresa hiyo imekwisha. Kwa mashine ya inveta usifuate maelekezo haya kabisa: haina kapasita ya aina hii, ina bodi yenye volti za kuua, na kosa lake huonekana kama herufi na namba kwenye kioo cha kichwa cha ndani.

Na umeme wenu ukiwa wa kukatika na kurudi, subiri dakika tatu kabla ya kuwasha tena. Presha ya pande mbili za kompresa inahitaji muda huo ili ilingane, la sivyo mota inaanza ikiwa imebeba mzigo.

SWALI: Hita yangu ya maji ya tanki, lita 100, siku hizi inatoa sauti kama birika linalochemka na kugongagonga. Maji yanachukua muda mrefu kupata moto. Pia valvu ya pembeni inadondosha. Jirani amenishauri niizibe kwa plagi.
– Mstaafu

JIBU: Mzee wetu, tuanzie mwisho, shikamoo kwanza: usiizibe. Valvu hiyo ndiyo inayozuia tanki lisigeuke bomu. Maji yakipashwa kutoka digrii 15 hadi 60 hutanuka takriban asilimia 1.6, kwenye tanki lako ni lita moja na nusu hivi zinazotafuta pa kwenda. Kwa hita nyingi zenye valvu ya kutorudisha maji kwenye bomba la baridi, matone wakati wa kupasha ni kazi yake ya kawaida. Yakidondoka mchana na usiku hata umeme ukiwa umezimwa, ama presha ya maji ya nyumba ni kubwa mno, ama kipande cha chokaa kimekaa kwenye kiti cha valvu. Inua kijiti chake kidogo kwa sekunde mbili tatu kikasafishike, ukijihadhari na maji ya moto. Ikiendelea, valvu ibadilishwe, na bomba lake la kutolea lielekezwe chini bila koki wala kizibo mahali popote.

Sauti ya birika ni chokaa. Maji magumu yakipata moto huacha chokaa kwenye elementi na chini ya tanki. Maji yanayonaswa chini ya tabaka hilo yanachemka, vipovu vinapasua tabaka, ndiko huko kugongagonga unakosikia. Elementi iliyofunikwa haipozwi na maji, inajipikia yenyewe mpaka inakatika.

Kusafisha: zima umeme, acha maji yapoe saa kadhaa. Funga koki ya maji baridi inayoingia. Funga mpira kwenye koki ya chini ya tanki na uupeleke nje. Fungua bomba la maji moto la bafuni ili hewa iingie, kisha fungua koki ya chini. Tanki likikaribia kuisha, fungua maji baridi kwa mikupuo mifupi ili yakoroge matope ya chini, rudia mpaka yatoke meupe. Koki ikiziba, itoboe taratibu kwa waya wa shaba, kwani matundu ya plastiki hupasuka haraka. Jaza tena, na usiwashe umeme mpaka bomba la maji moto litoe maji mfululizo bila kukohoa hewa. Elementi inayowashwa kavu haimalizi dakika nyingi.

Kuchelewa kupata moto kuna hesabu yake. Lita 100 kutoka digrii 15 hadi 60 zinataka takriban kilowati-saa 5.2. Elementi ya kilowati 2 inahitaji saa mbili na dakika arobaini hivi, hata ikiwa mpya. Ikizidi sana hapo, ichomoe nyaya na uipime: kwa umeme wa volti 230, elementi ya wati 2,000 isome karibu omu 26, ya 3,000 karibu omu 18. Ikisoma kama hakuna njia, imekatika. Ikisoma njia kati ya kijiti chake na mwili wa chuma, inavujisha umeme kwenye maji, usiitumie hata siku moja zaidi.

Kuna kitu kimoja ambacho wenye hita wengi hawajui kuwa wanacho: fimbo ya magnesiamu ndani ya tanki. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya chuma cha tanki. Ikaguliwe kila mwaka mmoja au miwili. Ikiwa imebaki chini ya nusu ya unene wake, au waya wa katikati unaonekana, weka mpya. Fimbo ikiisha, kutu inahamia kwenye tanki, na tanki lililotoboka halichomelewi likarudi kuwa zima.

Termostati ibaki kwenye 60. Chini ya hapo bakteria wa lejionela wanaweza kustawi. Lakini maji ya digrii 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo kama kuna wajukuu, funga valvu ya kuchanganyia ili yafike bombani yasizidi 50.

SWALI: Kiyoyozi chetu cha R-22 kina miaka kumi na minne na kompresa imeungua. Tununue kompresa au mashine nzima? Na tukinunua, ya ukubwa gani? Chumba ni mita 4 kwa 5.
– Familia ya watano

JIBU: Mashine nzima. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliweka njia ya kuondoa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, R-22 ikiwamo. Marekani iliacha kutengeneza na kuingiza R-22 mpya mwaka 2020, na nchi zinazoendelea zinatakiwa kuiondoa karibu yote ifikapo 2030. Kompresa mpya kwenye mashine hiyo ni kumvisha viatu vipya farasi aliyezeeka. Isitoshe, kompresa iliyoungua huacha asidi kwenye mabomba, na mpya isiposafishiwa njia inafuata ya kwanza.

Mabomba ya zamani nayo yaondoke kama ukuta unaruhusu. R-410A na R-32 zinafanya kazi kwa presha inayozidi ya R-22 kwa zaidi ya nusu, na mafuta yake ni ya aina nyingine.

Ukubwa: anza na BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 600 kwa kila mita ya mraba. Mita 20 zinakupa 12,000, ambazo ndizo tani moja ya upoozaji, takriban kilowati 3.5. Ongeza 600 kwa kila mtu anayezidi wawili: kwenu ni watatu, 1,800. Chumba kikipigwa na jua mchana kutwa, ongeza asilimia 10 ya ile ya msingi, yaani 1,200. Jikoni likiwa humo humo, ongeza 4,000. Bila jiko na bila jua mnafika 13,800. Mashine ya inveta ya 12,000 itajikongoja siku kali, ya 18,000 itapumua. Ingekuwa si ya inveta tungesita kuhusu ya 18,000. Mashine kubwa mno ya mwendo mmoja inapoza chumba haraka na kuzima kabla haijakamua unyevu, mnabaki na chumba cha baridi chenye nguo zinazonuka uvundo. Dari la bati lisilo na sponji juu yake linavuruga hesabu yote hii. Lizibeni kwanza, ni rahisi kuliko BTU.

SWALI: Tangu baridi ianze tunawasha hita ya gesi sebuleni. Jioni sote tunaumwa kichwa na kusikia kichefuchefu, tukitoka nje tunapona. Moto wake umekuwa wa njano.
– Msomaji

JIBU: Ukisoma hapa, zima hita hiyo, fungua madirisha, tokeni nje wote, na mwone daktari leo. Hizo ni dalili za sumu ya monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi. Moto wa gesi unatakiwa uwe wa buluu. Wa njano wenye masizi unaonyesha hewa haitoshi: tundu la hewa la kichomeo limeziba vumbi au utando wa buibui, au bomba la moshi limeziba. Isiwashwe tena mpaka fundi wa gesi aisafishe na kupima moshi wake, na nunueni kengele ya monoksidi ya kaboni, iwekwe karibu na wanapolala watu. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa lina sumu hiyohiyo, nyingi zaidi.

SWALI: Nipo nchi ya baridi kimasomo. Rejeta ya ukutani ina moto chini, juu ni baridi. Na jirani ana kiyoyozi kinachopasha joto ambacho mashine yake ya nje inatoa moshi mweupe. Je, hiyo nayo inaungua?
– Mwanafunzi

JIBU: Rejeta yako ina hewa. Zima pampu, acha ipoe, weka kitambaa chini ya kijitundu cha juu pembeni, zungusha ufunguo wake nusu duru. Itapumua "sssss", maji yakianza kutoka, funga. Kisha angalia geji ya boila. Ikiwa ya baridi isome kati ya bari 1 na 1.5, ikiwa pungufu iongezwe maji. Ingekuwa baridi iko chini na moto uko juu, hilo lingekuwa tope la kutu, na kutoa hewa kusingesaidia.

Ya jirani haiungui. Mashine inapopasha joto ndani, koili ya nje ndiyo inayokuwa ya baridi, na unyevu unagandia juu yake. Kila baada ya muda inajigeuza kwa dakika tano hadi kumi kuyeyusha barafu: feni ya nje inasimama, panasikika mlio wa "pshhh", mvuke unapanda, maji yanamwagika chini. Cha kumshtua jirani ni barafu nene inayobaki saa nyingi bila kuondoka. Hapo azime amwite fundi, asiigonge kwa kisu, kwa sababu nyuma ya barafu hiyo kuna bomba jembamba la shaba lenye gesi.